Mji Aliousifu Shemeji

Sehemu ya nne: Sauti langoni

Tulimwacha kinyozi mdomo wazi katikati ya stendi, mama mkwe wake amemshika mkono, basi limeshaondoka na vumbi lake, na swali la mama likisubiri jibu: "Haya mwanangu, nitazamie. Mji ukoje?"

Msomaji uliyekosa wiki zilizopita, sogea, sitakuacha nyuma. Mama mkwe anaumwa presha ya macho. Daktari amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba hakuna dawa wala kisu kitakachorudisha kilichokwenda. Kilichobaki ni ukungu na vivuli, na hicho nacho kinayeyuka. Kabla hakijaisha ana haja moja tu hapa duniani. Anataka auone uso wa mwanawe wa kiume, yule wanayemwita Mwanzi kwa urefu wake, kisha giza lije likitaka. Binti yake, mke wa kinyozi, ana mimba iliyomlaza kitandani. Nani wa kumsindikiza mama? Mkwe. Na mkwe hakatai.

Basi. Mji ukoje?

Kinyozi alitazama kushoto. Aliona safu ya maduka yenye milango ya chuma, yote imeshushwa, na mbwa amelala mbele ya kila mlango wa tatu kama amepangiwa zamu. Alitazama kulia. Aliona nguzo za taa za barabarani zisizo na taa, zimetoa nyaya nje kama matumbo. Mbele yake palikuwa na bustani aliyoijua kwa moyo, maana Mwanzi aliiandika mara ngapi kwenye simu! Bustani yenye bomba linalorusha maji juu mpaka watoto wanapiga makofi. Bomba lilikuwepo. Ndani ya birika lake kulikuwa na mifuko ya plastiki na kiatu kimoja.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe kwa upande mmoja. Ni yeye aliyekuwa akimsomea mama zile jumbe saluni kwake, kati ya kichwa kimoja na kingine, na alizisoma kwa madoido. Mama alizihifadhi zote. Hata yeye kinyozi zilimwingia, mpaka akaficha mashine yake ya kunyolea ndani ya mkoba, akiwaza kimya kimya kwamba mji wenye neema namna ile hauwezi kukosa nafasi ya kiti kimoja na kioo.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Mzuri, mama," akajibu. "Mzuri sana. Natafuta tu pa kuanzia."

Hapo ndipo alipojifunga kamba shingoni, wasomaji wangu.

"Na lile bomba?"

"Lile pale. Maji yanaruka hasa."

"Mbona siyasikii?"

"Ah... wameyafunga kidogo. Wanasafisha."

"Na taa?"

"Mama, mchana huu! Ila nguzo nimeziona. Nyingi."

Mama alicheka, akaikaza kamba ya miwani yake myeusi nyuma ya kichwa. "Mwanangu hajawahi kunidanganya yule. Haya, twende tukamwulize yuko zamu gani."

Mtu wa kwanza kumwuliza alikuwa fundi viatu aliyekaa kwenye kigoda mbele ya duka lililofungwa, hana kiatu hata kimoja mkononi. Kinyozi alimtazama kichwa kwanza, ndiyo desturi ya kazi yake. Kisogo kilikuwa na ngazi tatu. Mtu huyu alinyolewa nyumbani, kwa mkasi wa jikoni, na aliyemnyoa alikuwa na haraka. Ndipo kinyozi alipogundua kwamba kila mwanamume aliyepita mtaani pale alikuwa na kisogo cha namna hiyo. Mji mzima hauna kinyozi. Moyo ukamshuka, maana mji ukishaacha kunyoa umekata tamaa.

"Shikamoo mzee. Tunamtafuta Mwanzi, yule fundi wa mitambo kiwandani."

Fundi viatu alilitazama koti la kinyozi, lile alilolivaa siku ya harusi yake na hajalivaa tena mpaka leo. Akamtazama mama na miwani yake myeusi. Kisha akasimama ghafla.

"Mwanzi? Yupo! Yuko kazini. Hajakosa kazini hata siku moja yule, mkubwa wangu. Hata siku moja!"

Kinyozi akashangaa. Yeye mkubwa wa nani?

Wakamwuliza mwanamke aliyebeba ndoo mbili za maji. Akaziweka chini, zikamwagika. "Mwanzi yupo, jamani. Yupo kabisa. Nani amesema hayupo?"

Wakamwuliza wa tatu, akawajibu kabla hawajamaliza swali.

"Umesikia?" mama akasema, uso umemchangamka. "Mji mzima unamjua. Kila mtu anamshuhudia. Mtoto wa nani huyo?"

"Wako, mama."

"Wangu!"

Kinyozi naye akaanza kupata nguvu. Mji mbovu, sawa, lakini mtu yupo. Na walilifuata jambo moja tu, uso wa Mwanzi. Bomba la maji wangelifanyia nini?

Nguvu hizo zilidumu mpaka walipokata kona.

Kiwanda cha nguo kilikuwa kikubwa kuliko alivyokifikiria, kwa hilo Mwanzi hakutia chumvi. Kilijaza upande mzima wa barabara. Lakini bomba la moshi halikutoa moshi, na ndege walikuwa wamejenga juu yake. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mabati kutoka ndani. Lango kubwa lilifungwa kwa mnyororo, na kufuli yake ilikuwa imeota kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani.

Ila mbele ya lango hilo, chini ya ukuta, wanaume wengi walikuwa wamekaa kwa mistari, wamevaa ovaroli za buluu, safi, zimepigwa pasi.

Kazi hawakufanya. Walikaa tu.

"Tumefika?" mama akauliza.

"Tumefika."

"Mashine ziko wapi? Aliandika kwamba zikinguruma sahani mezani zinatetemeka."

"Ni saa ya mapumziko, mama."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kinyozi ilibakisha hatua chache sana. Filimbi ililia. Mzee mmoja mkavu, amevaa kofia ya msimamizi, akapanda juu ya kreti na kuanza kuita. Hakushika karatasi. Aliwaita wote kwa majina ya utani waliyobatizana wenyewe kazini, na yote yalikuwa kichwani mwake.

"Kichuguu!"

"Nipo!"

"Baba Mapacha!"

"Nipo!"

"Mwanzi!"

Mama aliuminya mkono wa kinyozi kwa kucha.

"Nipo!" ikajibu sauti kutoka mstari wa nyuma.

"Mchuzi-Mwingi!" mzee akaendelea.

"Subiri," mama akasema.

"Nipo!"

"Subiri nimesema!" Sauti ya mama ilipasua umati, na mzee wa filimbi akanyamaza mdomo wazi. "Aliyeitikia Mwanzi ni nani?"

Ovaroli zote zikageuka.

"Mama," kinyozi akanong'ona, jasho linamtiririka ndani ya koti la harusi, "ndiye huyo huyo, pengine ana mafua..."

"Mafua yanaingia puani, hayaingii kwenye ukoo. Yule siye mwanangu."

Neno lile lilipotua, wanaume wote walipumua kwa pamoja. "Mwanangu?" mmoja akasema. "Kumbe ni mama mtu! Sisi tukadhani ni watu wa wenye kiwanda, wamekuja kutukagua!"

Wengine wakaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Mstari wa nyuma ukafunguka, akatokea mtu mfupi, mnene, kama gunia lililosimamishwa. Huyo ndiye aliyeitikia jina la Mwanzi. Jina lake hasa la pale langoni lilikuwa Kibonge.

"Nisamehe, mama," akasema, kofia mkononi. "Ni mimi. Naitika jina langu, kisha naitika na la Mwanzi, maana ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Njoo nikupeleke nyumbani kwake. Mkewe yupo."

"Na yeye mwenyewe?"

Kibonge alimtazama kinyozi, naye kinyozi akamtazama Kibonge. Hakuna aliyejua mwenzake anajua nini.

"Twende kwanza nyumbani, mama," Kibonge akasema.

Njiani alieleza, na kinyozi, kwa mara ya kwanza siku ile, hakulazimika kusema kitu.

Kiwanda kilisimama zamani. Wenye nacho walikusanya watu langoni wakawaambia: mashine zitawaka tena, sisi tunatafuta pamba ya bei nafuu tu. Atakayekuwepo langoni siku hiyo ana kazi yake. Na nyumba mnazolala ni za kiwanda. Atakayeitwa asiitike, nyumba si yake tena, atoke na watoto wake.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Kibonge akasema. "Walituambia hivyo hivyo. Basi tunakuja asubuhi, tunaitwa, tunakaa. Jua likigeuka tunaitwa tena, tunarudi. Mtu akiumwa, mwenzake anamwitikia. Mzee wa filimbi anajua, lakini naye ana nyumba ya kiwanda."

"Na mkiwa mmekaa pale mnafanya nini?" kinyozi akauliza.

"Tunangoja."

"Siku zote hizo?"

"Mashine zimo, bwana!" Kibonge alisimama barabarani kabisa. "Zimo ndani, nzima. Siku ya mwisho tulizipaka grisi kwa mikono yetu hii, tukazifunika shuka kama tunalaza watoto. Mwanzi mwenyewe ndiye aliyezikaza, kila nati. Mimi nikiiwaza ile safu ya mashine imelala pale ndani, napata usingizi. Mtu mwenye mashine si maskini, anangoja tu."

Alisema hayo macho yakimng'aa, na kinyozi akaona aibu kumtazama.

Nyumba za kiwanda zilikuwa safu moja ndefu, ukuta umeshikana na ukuta, rangi imebanduka. Kibonge aligonga. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, mikono ina povu la sabuni.

Alimwona mama mkwe wake. Akapiga magoti palepale mlangoni, akaisalimu ile mikono ya kizee, machozi yakamtoka. Kisha akainua kichwa, akachungulia nyuma ya mama. Akachungulia nyuma ya kinyozi. Akachungulia mpaka mwisho wa mtaa.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?" mama akasema.

"Mume wangu! Mmemwacha stendi na mizigo?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

"Mwanangu," mama akasema polepole, "sisi ndio tumekuja kumwona. Tumetoka nyumbani kumfuata hapa."

"Hapa? Mama, Mwanzi si yuko kwako? Aliondoka toka mvua za mwaka juzi kuja kukuuguza. Wewe..." Alimtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe si umelala kitandani hujiwezi? Si hata kula unalishwa? Umepona lini?"

"Kulishwa! Mimi?"

"Na nani?" mama akauliza tena.

"Na yeye, Mwanzi!"

Kibonge, aliyekuwa amesimama kando, akajikuna kisogo chenye ngazi. "Hata mimi alinishika bega akaniambia, jirani, ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, mama yangu amevunjika, nakwenda, wewe niitikie jina wasije wakamtoa mke wangu. Nimeitikia mpaka leo."

Wakaingia ndani. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kitanda upande huu, jiko la mafuta upande ule. Kila kitu kilikuwa kimekunjwa, kimesuguliwa, kimepangwa, kama nyumba inayotarajia mgeni kila siku. Kitanda kilikuwa na mito miwili, na mmoja haukuwa na alama ya kichwa.

Simu zikatolewa. Kinyozi alishika ya mama mkono wa kulia na ya shemeji yake mkono wa kushoto, akasoma. Hakuhitaji madoido safari hii.

Kwa mama: *Shikamoo mama, nimetoka zamu mbili mfululizo, mashine hazitupi nafasi. Mke wangu anakusalimia.*

Kwa mke, siku ileile: *Mama leo amekunywa uji kidogo. Siwezi kumwacha. Vumilia mke wangu.*

Kwa mama: *Maikrofoni ya simu imekufa, ndiyo maana sipigi.*

Kwa mke: *Maikrofoni ya simu imekufa, ndiyo maana sipigi.*

Mke wa Mwanzi alijifunika uso kwa upande wa kanga. Hakulia kwa sauti. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mama mkwe apone, na moyoni, Mungu amsamehe, akimchukia kidogo kwa kutopona.

"Yu hai basi," mama akasema. Ndilo neno alilochagua katika yote. "Maiti haiandiki. Yu hai. Mkwe, ile simu yangu, mwandikie."

"Nimwandikie nini, mama?"

"Andika: nimefika. Nimekaa kitandani kwako. Mkeo amenipa maji, nimekunywa."

Kinyozi akaandika. Akabonyeza kitufe.

Walikaa. Mafuta ya jiko yalinuka. Kibonge alikuwa amechuchumaa mlangoni, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aende kwake, wala yeye hakutaka kwenda.

Simu ikalia.

Haikuwa ujumbe. Ilikuwa inaita. Jina lilikuwa la Mwanzi.

"Nipe," mama akasema, na kinyozi akaiweka sikioni mwake.

Waliobaki walisikia upande mmoja tu.

"Mwanangu," mama akasema. Kisha akasikiliza muda mrefu, amekunja uso, kichwa ameinamisha. "Usilie. Sikuulizi. Sikuulizi kitu, baba. Macho yangu yanaisha, hilo hawakukwambia? Nimebakiwa na mwanga wa kujaza kibaba. Nataka uso wako tu. Nikishauona nitarudi kwetu, na wewe endelea na mambo yako, sitamwambia mtu."

Nje, gari la matangazo liliingia mtaani taratibu, kipaza sauti kimefungwa juu ya paa. *Wakazi wote mnatangaziwa, maji hayatatoka leo wala kesho, bomba kuu limepasuka, tunaomba uvumilivu...* Lilipita mbele ya dirisha, likaendelea kuelekea upande wa barabara kuu.

"Mwanzi?" mama akasema. "Mwanzi!"

Simu ilikuwa imekatwa. Kinyozi alipiga. Haipatikani. Akapiga tena, yule mwanamke wa kwenye simu akamjibu kwa adabu yake ileile.

Kinyozi alimtazama mama akitegemea kuona mtu aliyevunjika. Alishtuka. Mama alikuwa anatabasamu. Tangu watoke nyumbani hakuwa amemwona na uso wa namna ile, na ulimfanya mdogo, kama msichana aliyetumwa dukani akapata.

"Yuko hapa hapa mjini," mama akasema.

"Mama..."

"Tulia nikwambie. Lile gari la maji limepita sikio hili la dirishani. Baadaye kidogo likapita sikio hili la simu, maneno yaleyale, mpaka kikohozi cha yule mtangazaji. Mtu huwezi kulisikia gari lile ukiwa mji mwingine."

Mke wa Mwanzi aliinua uso.

"Na yuko ndani ya jumba," mama akaendelea, furaha inamkimbiza. "Jumba kubwa kweli kweli, tupu. Neno likimtoka linakwenda ukutani linamrudia. Aliposema mama, nilisikia mama tatu. Hakuna kitu mle, hata mkeka. Niambieni, ninyi wenyeji, mji huu una jumba gani kubwa hivyo?"

"Hakuna jumba kubwa hapa, mama," mke wa Mwanzi akasema, akili bado haijafika mdomo ulipo. "Labda kiwanda."

"Basi ndiko aliko! Mkwe, nyanyuka. Nipeni fimbo yangu."

"Mama." Ilikuwa sauti ya Kibonge, kutoka mlangoni. Haikuwa kubwa. "Naomba urudie hapo kidogo. Umesema tupu?"

"Tupu, mwanangu."

"Kiwandani kuna mashine."

"Labda zilikuwapo. Chumba chenye vyombo kinameza sauti, kile hakimezi kitu." Mama alikuwa anapapasa viatu vyake kwa mguu, anasikiliza nusu nusu. "Na nyuma yake kulikuwa na mtu anakata chuma kwa msumeno. Kwee, kwee, kisha chuma kikaanguka, nacho kikarudi mara tatu."

Kinyozi alielewa kabla mama hajamaliza. Alitaka kumziba mdomo mama mkwe wake, jambo ambalo mtu halifanyi, na kwa sababu halifanywi, alichelewa.

Kibonge alikuwa bado amechuchumaa. Midomo yake ilicheza bila sauti. "Yale malori ya wenye kiwanda," akasema hatimaye, akijiambia mwenyewe. "Yanayotoka lango la nyuma. Walituambia wanazoa takataka, panya wasizaliane. Tukawaombea na dua. Kumbe wanabeba mashine zetu." Alitazama viganja vyake, akavigeuza, kama bado vina grisi. "Na nati zile hakuna mtu anayejua kuzifungua ila aliyezikaza."

"Kibonge," mke wa Mwanzi akasema. "Jirani. Subiri kwanza. Hatujui."

"Mimi nimemwitikia, shemeji. Mvua na jua nimesimama pale nikisema nipo, kwa ajili yake. Na yeye yuko upande wa pili wa ukuta, ananisikia."

Alisimama. Alivaa kofia yake vizuri, akamwinamia mama.

"Ahsante, mama," akasema. "Sisi wenye macho tungekaa pale mpaka tufe."

Akatoka, akaufunga mlango kwa upole. Upole ule ndio uliomtia kinyozi baridi.

"Kijana mzuri yule," mama akasema. "Kiatu cha pili kiko wapi?"

Kisha wakasikia mlango wa jirani ukigongwa. Ukafunguka. Maneno machache, kisha sauti ya mwanamume mzima akilia kama mtoto. Ukagongwa wa pili. Wa tatu. Safu nzima ya nyumba za kiwanda ilianza kufunguka, mlango baada ya mlango, na katika kila nyumba kitu cha chuma kilikuwa kinachukuliwa kutoka pembeni kilipoegemezwa.

Mke wa Mwanzi alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili. "Watamuua," akasema. "Wana haki, na watamuua."

Kinyozi alimtoa mama nje. Angefanya nini kingine? Mtaa uliokuwa umekufa asubuhi ulikuwa umejaa ovaroli za buluu, na hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanatembea tu, wote upande mmoja.

Mama aligeuza uso huku na huku akivisaka vile vivuli. "Miguu yote hii! Wananisindikiza mimi? Mji wa watu wema, mkwe, hukunidanganya."

Kutoka stendi mpaka pale kinyozi alikuwa amejenga bomba la maji, taa na mapumziko. Alitafuta kingine cha kujenga, akakosa.

"Hawakusindikizi wewe, mama," akasema. "Nilikudanganya. Mji huu umekufa, hakuna bomba wala taa, na mashine zilikuwa ndicho kitu pekee walichokuwa nacho. Mwanao ndiye aliyezikatakata. Umewaambia mwenyewe alipo. Wanamfuata yeye."

Mama alisimama wima. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki usoni kidogo, halijui pa kwenda. Kisha aliachia fimbo, ikaanguka, akaushika mkono wa kinyozi kwa mikono yake yote miwili.

"Niweke mbele," akasema. "Mkwe, nakuomba, niweke mbele yao. Nifike mimi wa kwanza."

Kinyozi aliangalia mtaa. Waliokuwa mbele walikuwa wameshaanza kukimbia.